Wanakondoo Saba wa Bi Merle

Mwezi wa nane Merle Trevaskis hakuwa mtu wa kusogelewa ovyo. Miezi mingine yote alikuwa mkarimu wa kupitiliza, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mrefu, mwenye mikono ya seremala, ambaye hakuwahi kuolewa na hakumwomba mtu amhurumie kwa hilo. Lakini mwezi wa nane ndio kondoo wetu wa Wimmera, huku kusini mwa dunia, huzaa, na Merle alikuwa mfugaji wa madume wa mbegu. Mtu alinunua kwake dume mmoja, akaenda kumpandisha kwa majike mia mbili. Kwa hiyo alichokuwa akiuza hasa ni ahadi juu ya watoto wasiozaliwa bado, na ahadi hiyo ikivunjika, mnunuzi anaijua nyumba ya kuja kugonga.

Mwaka huo, 1967, alikuwa na hali mbaya kuliko miaka yote. Mkate aliuacha sahanini, chai ilimpolea mkononi, na Perce Dunstone, mzee aliyefanya kazi hapo tangu Merle ni msichana, alianza kutembea kwa ncha za vidole jikoni kana kwamba kuna mgonjwa. Mgonjwa hakuwapo. Kulikuwa na dume mmoja aitwaye Bosun, mwenye afya kuliko wote wawili, na swali moja juu ya damu yake.

Bosun alikuwa fahari ya nyumba. Perce alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, akimfunika kwa koti lake mwenyewe, na alipokua alitoa sufu nyeupe, ndefu, isiyo na doa. Mwaka uliotangulia Merle aliuza mnadani wana wa Bosun kumi na mmoja, wote kwa watu anaowafahamu. Tatizo ni kwamba miezi miwili kabla ya mnada huo, kwenye malisho ya mtoni, jike mmoja mweupe alizaa mtoto mweusi tii.

Kwa mfugaji wa sufu nyeupe hilo si jambo la kucheka. Nyuzi chache nyeusi zikiingia kwenye robota, kiwanda hakiwezi kulitia rangi, na mnunuzi analitupa pembeni. Ila Merle alikuwa na upenyo wa kujifichia. Siku za kupandisha, dume wa jirani yake Hartley Blencowe alivunja seng'enge akakaa siku tatu na majike wa Merle. Baba wa yule mweusi angeweza kuwa Bosun, angeweza kuwa huyo mvamizi. Merle alishika upande uliomfaa, akauza wana wote kumi na mmoja bila kusema neno, na tangu siku ya mnada hakupata usingizi wa maana.

Kunyamaza alifundishwa na baba yake. Nyumbani kwa marehemu Garnet Trevaskis kulikuwa na msemo, "kabla ya chai". Mzee akirudi malishoni asubuhi na kusema leo kulikuwa na kitu kabla ya chai, kila mtu alijua maana yake: amezaliwa mweusi, amezikwa, na daftari la ukoo halitamjua. Merle alianza kubeba koleo la kazi hiyo akiwa na miaka tisa. Wala usidhani Garnet alikuwa peke yake. Wafugaji wote wa huku walikuwa na koleo lao na jina lao la kuliita jambo hilo, kisha Jumapili walikutana kanisani wakasifiana weupe wa makundi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha mwanakondoo mweusi alivishwa utepe wa bluu wa mshindi kwenye maonyesho ya wilaya.

Aliyemharibia Merle starehe ya kutojua ni bwana shamba mmoja kijana, aliyekuja ukumbini na ubao na chaki akaeleza urithi wa rangi kwa wanyama. Wanaume walisinzia. Merle aliyabeba maneno yale mpaka nyumbani, akamwaga mezani kopo la vifungo vya nguo na kumwita Perce.

"Mzee Perce, tazama hapa. Kila kondoo ana vifungo viwili vya rangi, kimoja kapewa na baba, kimoja na mama. Naye akizaa, mtoto anachotewa kimoja tu kati ya hivyo viwili."

"Nani anachota?"

"Hakuna anayechota. Ni bahati tu."

"Aa. Hapo nakuelewa."

"Cheupe ni mbabe. Kikiwapo hata kimoja, kondoo anaonekana mweupe, na cheusi kinakaa kimya chini yake. Hawi mweusi mpaka apate vyeusi viwili, cha baba na cha mama."

Perce alikigeuza kifungo cheusi kwa kidole. "Kwa hiyo Bosun wangu anaweza kuwa mweupe kwa nje, na ndani kampangisha mtu."

"Ndiyo ninachotaka kukijua. Tukimpandisha kwa majike weusi watupu, wao wana vyeusi viwili, hawana kingine cha kutoa. Bosun akiwa na vyeupe viwili, watoto wote watatoka weupe. Akiwa na kimoja cheusi, kila mtoto ni kama sarafu iliyorushwa. Ikiangukia kichwa, mweupe; ikiangukia upande wa pili, mweusi."

Macho ya Perce yaling'aa. Kila mwaka mwezi wa nne, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, alikuwa akienda nyuma ya baa kwenye duara la kamari ya kurusha sarafu na kurudi mifuko mitupu. "Weupe wangapi mfululizo ndipo umwachie?"

"Saba. Dume mwenye cheusi kuzaa weupe saba bila kukosea hata mara moja, hiyo hutokea mara moja katika mia moja na ishirini na nane."

"Mimi nimeona vichwa tisa mfululizo. Kambini, jangwani, wakati wa vita."

"Mzee Perce."

"Nasema nimeona tu. Sijasema kitu."

Majike weusi alipewa na Otto Zwar, ambaye mkewe alifuma soksi za sufu nyeusi na ambaye watu wengi walimwona si mzima sana kichwani, kufuga rangi ambayo kila mtu anaizika. Otto aliwaleta kumi na wawili kwenye lori mwezi wa tatu, akanywa chai, hakuuliza kitu, akaondoka. Aliyeuliza ni Hartley Blencowe. Alikuwa akipita barabarani akasimamisha gari kando ya seng'enge, kiwiko nje ya dirisha.

"Merle, naona umeanza kufuga kunguru."

"Hawa angalau hawavunji seng'enge za watu, Hartley."

"Unampima wako au wangu?"

"Nampima wangu. Wako utampima mwenyewe siku ukipata moyo."

Blencowe alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Basi wakizaa utuambie. Piga simu, wote tusikie."

Na wote wangesikia kweli, maana simu yetu ilikuwa waya mmoja kwa nyumba sita. Ukimpigia mmoja, wengine walinyanyua taratibu na kuziba mdomo wa simu kwa kiganja. Kabla ya jua kuchwa siku ile, nyumba zote sita zilijua kwamba Merle Trevaskis ana wasiwasi na dume wake, na kwamba mwezi wa nane atasema.

Merle alijuta kutomkatalia Hartley. Hata hivyo alikuwa ameshajiapia jambo moja: saba weupe, ananyamaza kwa amani, mweusi mmoja, anawaambia wote kumi na mmoja. Aliyekuwa akimkaa rohoni zaidi ni Gwenda Stehn, mke kijana wa shamba la ng'ambo ya reli. Yeye na mumewe walianza na majike mia na ishirini waliowapata kwa jasho, wakanunua mwana mmoja wa Bosun, na Gwenda alikuja mwenyewe kumchukua, akamshika Merle mkono na kumshukuru kama aliyepewa kitu bure. Merle aliikumbuka shukrani hiyo kila alipofunga macho.

Wa kwanza alizaliwa Jumatatu, mweupe. Jumanne wakaja wawili kwa majike wawili, weupe wote. Kila asubuhi Merle alishuka malishoni roho juu, na kwa kuwa mama wenyewe walikuwa weusi, aliona weusi kila mahali. Kisiki kilimshtua. Ndoo iliyosahauliwa ilimshtua. Alikuwa akimfikia mtoto, anamgeuza, anamtazama ndani ya masikio na kwapani, halafu ndipo anapumua. Baridi ilikuwa ya kukata vidole lakini alirudi nyumbani mgongo umelowa jasho.

Alhamisi walifika watano. Hapo Perce ndipo alipoanza kunung'unika.

"Cheusi kinakuja. Zamu yake imeshafika."

"Sarafu haina kumbukumbu, Mzee Perce. Wa sita hajui kama kabla yake kuna watano. Kama Bosun ni safi, hata wa hamsini atakuwa mweupe."

"Sarafu haina kumbukumbu, sawa. Mimi ninayo."

Wa sita alizaliwa Ijumaa, mweupe, na Merle alikula yai zima. Perce hakula. Aliketi na kofia magotini, uso umemsinyaa, kama alivyokuwa akikaa mwezi wa nne anaporudi kutoka kwenye lile duara.

Jumamosi asubuhi alimkuta Merle kwenye lango kabla hajashuka malishoni.

"Jike namba tisa amezaa. Mbweha amemuwahi mtoto."

"Kabakisha nini?"

"Hakubakisha kitu."

Merle alimtazama. Mbweha wetu ni mchafu wa kula. Huacha mkia, huacha kwato, huacha manyoya kwenye nyasi eneo zima. Alishuka akamwona jike namba tisa, kiwele kimejaa, anazunguka analia, anarudi palepale karibu na rundo la kuni na kunusa ardhi. Alisimama naye dakika chache. Angeweza kwenda mpaka kwenye rundo lile, ni hatua thelathini tu. Hakwenda. Alijiambia kwamba pengine ni mbweha wawili, akamkagua namba kumi, akarudi.

Jumapili namba kumi alizaa. Mtoto jike, mweupe kama unga, amesimama tayari kwa miguu inayotetemeka. Perce alirusha kofia juu akaiacha ianguke matopeni. Merle alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, akalia. Alilia kwa nafuu, alilia kwa sauti, miezi kumi ya wasiwasi ikimtoka mara moja. Perce alimpapasa bega kwa uoga, kama mtu anayempapasa farasi asiyemjua, akisema, "Saba, Bi Merle. Umezipata saba zako."

Alikuwa bado hajavua buti simu ilipolia mlio wa nyumba yake, mmoja mrefu na miwili mifupi. Alikuwa Gwenda Stehn.

"Bi Merle, samahani kukusumbua siku ya ibada. Tumesikia ni leo. Wamefika saba?"

Kwenye waya ilisikika pumzi ya mtu, na ya mwingine, na saa ya ukutani ya jikoni kwa watu. Merle alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa kweli; saba walikuwapo malishoni, weupe, yeyote aje awahesabu. Lakini akiwa amesimama pale kwenye simu akitazama nje ya dirisha, akaliona koleo limeegemezwa kwenye ukuta wa banda, safi, linameremeta. Katika miaka arobaini Perce Dunstone hakuwahi kuosha koleo. Na tuseme ukweli, Merle hakuhitaji koleo kumwambia. Alijua tangu jana pale kwenye lango.

"Nipe nusu saa, mwanangu," akasema. "Nina kazi ndogo."

Perce alikuwa bandani, anakata tumbaku kwa kisu kidogo. Alipomwona uso, akaacha kukata.

"Mtoto wa namba tisa alikuwa wa rangi gani?"

"Si nilikwambia, mbweha—"

"Mzee Perce."

Mzee alikifuta kisu pajani, upande huu na upande huu. "Mweusi," akasema. "Mweusi kama buti."

"Alizaliwa amekufa?"

"Alikuwa amesimama. Ananyonya."

Merle alitafuta gunia akalikalia.

"Nimefanya kama alivyokuwa akifanya baba yako," Perce akasema. "Kabla ya chai. Wewe ungekuwa hujui kitu, ungekuwa na saba zako, kila mtu angelala. Kuna ubaya gani?"

"Si nilikaa na wewe mezani nikakufundisha hesabu yenyewe? Saba mfululizo, Mzee Perce. Ukimtoa mmoja katikati, zile si saba. Ni uongo wenye manyoya."

"Wewe ulinifundisha hesabu. Garnet alinifundisha kazi."

Merle alikuwa na hasira ya kuweza kumpiga. Lakini jana alikuwa hatua thelathini kutoka kwenye kaburi lile na akageuka mwenyewe. Wote wawili walimzika yule mtoto, mmoja kwa koleo na mwingine kwa kutokwenda.

"Na Bosun?" Perce aliuliza, sauti imekuwa ndogo. "Utamchinja?"

"Kosa lake nini? Alichotewa alichochotewa. Atakula nyasi mpaka azeeke. Ila hatazaa tena dume wa kuuzwa kwa jina letu."

Perce alivaa kofia yake yenye matope na kuivuta mpaka kwenye macho, akatoka nje akasimama akiupa ukuta uso. Merle alimwacha. Alirudi ndani, akazungusha mkono wa simu, na Gwenda akanyanyua kabla mlio haujakamilika. Nyuma yake vikasikika vidoko kwenye waya: kimoja, viwili, vinne. Nyumba zote sita.

"Gwenda, Bosun amebeba nyeusi."

"Lakini tulisikia weupe sita, na leo—"

"Weupe saba, na mweusi mmoja. Mweusi mmoja anatosha. Weupe hata wangekuwa mia, hawamfuti."

Halafu Gwenda akauliza swali ambalo Merle alikuwa akiliogopa tangu siku ya mnada. "Umejua lini?"

Angeweza kusema leo, na isingekuwa uongo. "Uhakika nimeupata leo. Wasiwasi nilikuwa nao kabla sijakuuzia. Mwaka jana nilipata mweusi, nikasingizia dume aliyevuka seng'enge. Nilipaswa kukwambia siku ile uliponishika mkono, nikanyamaza. Kunisamehe ni hiari yako, lakini haki yako ni kujua."

"Na wa kwetu je?"

"Wenu ni mwana wa Bosun. Kachotewa kifungo kimoja na baba yake, na sijui ni kipi. Nusu kwa nusu. Labda zaidi kidogo, maana mama yake naye sijampima."

"Tumempandisha kwa majike wote, Bi Merle. Hatuna dume mwingine. Wiki ijayo wanaanza kuzaa."

"Najua."

"Mume wangu kampa jina. Anamwita Bwana Mkubwa."

Merle alifumba macho. "Mkimwona mweusi, msimzike. Mwandikeni, na mama yake mwandikeni, halafu nipigieni mimi. Na wale wengine kumi walionunua kwangu, najua mnanisikia baadhi yenu, na wasionisikia nitawafuata leo hii nyumbani kwao. Maneno ni hayohayo."

Waya ulivuma. Kisha mtu akakohoa kikohozi cha mwanaume mzee, na Merle akakitambua.

"Hartley, ukisikiliza simu za watu, angalau upumue polepole."

Blencowe hakucheka. "Hao majike weusi," akasema. "Mwezi wa tatu mwakani wana kazi?"

"Si wangu. Ni wa Otto."

"Kumi na wawili hawatatosha," alisema Otto Zwar kwa utulivu, ambaye kumbe naye alikuwa kwenye waya. "Kuna wawili humuhumu wanaosikiliza walishaniomba tangu wiki ile niliyowapeleka kwa Merle. Kila mmoja aliniambia nisimwambie mtu."

Simu mbili ziliwekwa chini, moja baada ya nyingine.

"Bi Merle," alisema Gwenda. Sauti yake ilikuwa imekauka, haina tena shukrani. "Bado nina hasira na wewe. Lakini kwenye hiyo foleni, sisi tuwe wa kwanza."

"Mtakuwa wa kwanza," Merle akajibu.